Piranesi: Ufundi wa Msimulizi Asiyejua

Kati ya riwaya za fantasia nilizosoma mwaka huu, hakuna iliyoniingia moyoni kama Piranesi ya Susanna Clarke wa Uingereza. Ilitoka mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Women's Prize for Fiction. Ni kitabu chembamba, lakini kimebeba ulimwengu mzima, na namna kilivyoundwa inastahili kuchunguzwa. Ambaye hajakisoma ajue kwamba baadhi ya siri zake zitafichuka hapa.

Kila mwandishi wa fantasia hukutana na tatizo moja: msomaji hajui chochote kuhusu ulimwengu anaoingizwa. Wengi humleta mhusika mgeni, kisha mzee mwenye hekima akamweleza mambo. Clarke mwenyewe, katika Jonathan Strange & Mr Norrell ya mwaka 2004, alitumia tanbihi nyingi na ndefu kueleza historia ya uchawi. Katika Piranesi ameacha njia zote mbili. Simulizi amemkabidhi mtu ambaye kwake ulimwengu huo ndio kwao.

Mtu huyo anaishi ndani ya Nyumba yenye kumbi zisizo na mwisho, zilizojaa masanamu ya marumaru. Kumbi za chini zimemezwa na bahari, za juu zimo mawinguni. Anavua samaki, anakausha mwani wa kuwashia moto, na amepiga hesabu za maji kujaa na kupwa. Riwaya inafunguka kwa tukio ambalo hesabu hizo zilishalitabiri: maji kutoka pande tatu yanakutana, naye anang'ang'ania sanamu asichukuliwe. Haelezi Nyumba ni nini, kama nasi tusivyojielezea dunia ni nini. Tunaifahamu kwa kazi za mikono yake, na usahihi wake unatufanya tumwamini.

Hapo ndipo penye ufundi mkubwa. Clarke ameugawa ujuzi mafungu mawili. Msimulizi anaijua Nyumba kwa undani, lakini haijui dunia yetu. Sisi tunaijua dunia yetu, lakini Nyumba hatuijui. Kila Jumanne na Ijumaa anakutana na mtu anayemwita Mwingine, aliyevaa suti nadhifu na kushika kifaa kinachong'aa. Mwingine anamletea vidonge vya vitamini na mabakuli ya plastiki. Msimulizi anaona Nyumba ndiyo inayomruzuku Mwingine vitu hivyo, kwa kumhurumia. Sisi tunajua vinauzwa dukani, na moyo unaanza kudunda: kuna mlango mahali fulani, na kuna mtu anayeuficha.

Msomaji wa Kiswahili anaifahamu ajabu inayotangulia maelezo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Adili anawachapa manyani wawili kila usiku, na sababu tunaipata anapojieleza mbele ya Mfalme Rai. Kule anayeulizwa analo jibu. Clarke ametuketisha kitini pa Rai, kisha akatuletea shahidi mkweli kabisa ambaye siri yake mwenyewe haijui.

Chombo cha pili ni shajara. Msimulizi huziwekea tarehe, nambari na faharasa. Mwaka anauita kwa jambo kubwa lililotokea, kama ule wa kuja kwa albatrosi katika kumbi za kusini-magharibi. Baadaye anagundua kwamba nambari za shajara zake zimebadilishwa, na kwamba faharasa ina majina asiyoyakumbuka, yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Desturi iliyotufanya tumwamini sasa inamshitaki. Clarke hakuhitaji mpelelezi kutoka nje. Ushahidi ulikuwemo ndani ya umbo la kitabu tangu ukurasa wa kwanza.

Kuna mahali maelezo yanakuja moja kwa moja, mzee Laurence Arne-Sayles anapotokea na kufafanua asili ya Nyumba. Mwandishi dhaifu angeigeuza sehemu hiyo kuwa hotuba. Clarke amempa mzee huyu majivuno makubwa, hivyo kila anachofichua kinamfichua yeye pia. Kwake Nyumba ni ushahidi wa akili zake. Kwa msimulizi ni mzazi mwenye huruma. Nadharia ya mzee haiupunguzi upendo wa msimulizi, anayewapelekea wafu waliomo ndani ya Nyumba chakula na maua.

Kwa sababu hiyo, ukweli unapojulikana, msomaji hafurahii tu kwamba mtu aliyenaswa huenda akaokolewa. Anaogopa pia kitakachopotea, kwa kuwa amejifunza kuipenda Nyumba kwa macho ya aliyeitunza. Wanaobuni walimwengu wapya kwa Kiswahili wanayo hapa njia ya kufuata: kabla ya kuchora ramani na kutunga sheria za uchawi, wamjue mtu mmoja anayefanya kazi mahali hapo, anachokijua kwa mikono yake, na asichokijua kabisa.