Mtenda Aliyefichwa

Hapa Ziwani mvua kubwa inyeshapo husemwa, "Mtaro umeziba," kana kwamba mtaro ulijiziba wenyewe. Kule Solai nako, tarehe 9 Mei 2018, "bwawa lilipasuka", na watu zaidi ya 40 wakafa. Kupasuka ni kauli ya kutendeka, nayo humficha mtenda. Yafaa kwa kikombe, si kwa bwawa lenye mwenyewe na maofisa waliopaswa kulikagua. Aprili 2024, huko Mai Mahiu, mfereji upitao chini ya reli "uliziba"; maji yakajikusanya nyuma ya tuta, yakalibomoa usiku, yakafagia nyumba na waliolala. Ziandike upya sentensi hizo, umtaje mtenda. Ile ya Ziwani ina watenda wawili: kaunti isiyouzibua mtaro, nasi tutupao taka humo.