Tarakimu za Bonasi na Karatasi Isiyokubali Kuhesabiwa

Katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet hakuna tarakimu ingojewayo kwa shauku kuliko ile ya bonasi, ambayo hutangazwa kila mwaka baada ya vitabu vya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, kufungwa tarehe 30 Juni na hesabu za kila kiwanda kukaguliwa. Na ijapokuwa ni shilingi na senti chache tu kwa kilo moja ya majani mabichi, ndiyo iamuayo karo ya shule, deni la duka, na kauli zitakazosemwa juu ya wakurugenzi wa kiwanda hata msimu mwingine ufike. Jedwali la viwango hivyo aghalabu huwafikia watu katika simu likiwa faili ya PDF, na kabla ya jua kuchwa limekwisha kusomwa Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros, na kila mtu amekwisha kulinganisha kiwanda chake na viwanda vya Murang'a, Kirinyaga na Meru, mashariki ya Bonde la Ufa, ambako mkulima kwa miaka mingi amekuwa akipokea zaidi. Kusoma, basi, watu wanasoma. Jambo ambalo karatasi hiyo haikubali ni kuhesabiwa.

Na kuhesabiwa kunahitajika, maana swali lililo mbele ya wakulima ni zito: je, tofauti hiyo ya malipo baina ya magharibi na mashariki inatokana na bei ya mnada wa Mombasa, au na gharama za kusindika, au na wingi wa majani yanayopokelewa kiwandani? Kulijibu kwa insafu kunataka jedwali la malipo likutanishwe na bei za mnada, na ripoti ya kila mwezi ya Bodi ya Chai ya Kenya, ile bodi iliyohuishwa kwa Sheria ya Chai ya 2020, ambayo hugawanya mavuno ya magharibi na ya mashariki, ya wakulima wadogo na ya mashamba makubwa; na kwa mtu atakaye kwenda nyuma zaidi, kuna taarifa ya uchumi itolewayo kila mwaka na Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, yenye jedwali la eneo lililopandwa chai na mazao yake. Nyaraka hizi zote hupatikana bila ya malipo, na zote mtu huzipata katika umbo lile lile la PDF.

Umbo hilo lilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, likitokana na fikra ya John Warnock, mmoja wa waasisi wake, aliyetaka waraka uonekane vile vile katika kila mashine na juu ya kila karatasi. Na mwaka 2008 likafanywa kanuni ya kimataifa, ISO 32000. Muradi wa Warnock ulitimia kwa ukamilifu, na taabu ya mtakwimu ikaanzia hapo hapo, kwa kuwa waraka uliotengenezwa kwa ajili ya jicho haukutengenezwa kwa ajili ya hesabu. Ndani ya faili ya kawaida ya PDF hamna jedwali, wala mstari, wala safu. Zimo amri za kuchora tu, kwamba herufi hizi ziwekwe mahali hapa kwa ukubwa huu. Ukurasa wa A4 kwake ni uwanja wenye upana wa nukta 595 na urefu wa nukta 842, nukta 72 zikiwa inchi moja, na kipimo cha mahali kikianzia pembe ya chini ya kushoto. Jina la kiwanda cha Momul likiandikwa kushoto na kiwango chake kikiandikwa kulia, hakuna kitu ndani ya faili kisemacho kwamba viwili hivi ni vya mmoja. Msomaji ndiye aviunganishaye kwa jicho lake. Hali hiyo ni sawa na majani ya wakulima wengi yaliyomiminwa katika lori moja bila ya stakabadhi za mizani: majani yote yapo, wala hayakupungua, lakini ya nani hayajulikani tena. Ziko faili zilizotiwa alama za muundo ndani yake, zikaeleza kichwa ni kipi na safu ni ipi, ila katika nyaraka za namna hii ni nadra mtu kukutana nazo.

Kazi ya kwanza, kwa hiyo, ni kuitambua nasaba ya faili. Ikiwa ilitolewa moja kwa moja na kompyuta iliyoandika jedwali, maneno yake huweza kuchaguliwa na kunakiliwa. Ikiwa ni picha ya karatasi iliyopigwa kwa skana au kwa simu, hakuna neno litakaloshikika. Mtihani huu huchukua nukta chache za wakati, lakini wengi huuruka, wakaenda kuilaumu programu kwa kushindwa kusoma kitu ambacho hakikuwa maandishi tangu asili.

Kwa faili ya nasaba ya kwanza kuna zana nyingi na nzuri, na nyingi ni za bure. Tabula, iliyotungwa na Manuel Aristarán pamoja na wenzake na kutokea mwaka 2013 kwa ajili ya waandishi wa habari hasa, hufanya kazi kwa njia mbili: ama hufuata mistari iliyochorwa kuzunguka visanduku vya jedwali, ama, pasipo na mistari, hukisia safu kwa kuangalia nafasi tupu baina ya maneno. Njia ya kwanza ni ya kuaminika. Ya pili huvutia, kisha ikahadaa, kwani yatosha jina refu la kiwanda kuvuka kidogo mpaka wake, au kichwa cha safu kukunjwa mara tatu, nayo ikaunganisha safu mbili kuwa moja bila ya kutoa onyo lolote.

Kwa maoni yangu, mtu mwenye jedwali la kurudiwa kila mwezi afadhali aache kukisia na kushika mahali penyewe. Programu kama pdfplumber, au pdftotext ikiamrishwa hivyo, humpa kila neno pamoja na kingo zake nne. Maneno ambayo umbali wake kutoka ukingo wa juu wa ukurasa unatofautiana kwa nukta mbili au tatu tu huhesabiwa kuwa ya mstari mmoja. Na safu huamuliwa kwa ukingo wa kulia, si wa kushoto, kwa sababu wachapaji tangu zamani hupanga tarakimu zikalingana kulia, hata 9.75 na 21.50 zikawa na mwisho mmoja ijapokuwa mianzo yake ni mbalimbali. Majina, kinyume chake, hulingana kushoto. Mtu akilishika hili, jedwali lililomsumbua kwa siku nyingi humtii kwa amri chache, na mwezi ujao litamtii tena, maadamu mchapaji hakubadili sura yake.

Kisha huja usafishaji, ambao sitaukalia sana. Alama ya mkato inayotenga maelfu huondolewa. Mabano yaliyozunguka tarakimu hugeuzwa kuwa alama ya kutoa. Kinyota hutengwa katika safu yake, wala hakitupwi. Kistari ndicho cha kutahadhari nacho, kwa kuwa mahali pengine maana yake ni sifuri na pengine maana yake ni kwamba habari haikupatikana, na wastani wa mwaka hubadilika kwa kadiri mtu alivyokifasiri. Aidha mstari wa jumla usiachwe ukajificha miongoni mwa viwanda, usije ukahesabiwa kuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote.

Faili ya nasaba ya pili, ile ya picha, ina mambo mengine. Taarifa za kale za uchumi, zilizopigwa chapa kabla ya zama za kompyuta, zimehifadhiwa kwa namna hii, na barua nyingi za viwanda vilevile. Programu ya Tesseract, iliyoanzia katika maabara za Hewlett-Packard baina ya 1985 na 1994 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, husoma picha na kuzirudisha kuwa herufi. Lakini yataka picha ya nukta 300 kwa inchi, iliyonyooshwa isilale upande, na yafaa kuambiwa mapema kwamba katika safu hii hakuna kitu ila tarakimu, isije ikaona O mahali pa sifuri au S mahali pa 5. Hata hivyo 3 hugeuka 8 na 1 hugeuka 7, na kosa la namna hii ni baya kuliko neno lililoharibika, kwa maana lina sura ya ukweli. Wakenya waliliona jambo hili kwa wingi wake mwezi wa Agosti 2022, wakati tume ya uchaguzi, IEBC, ilipoweka hadharani picha za fomu 34A za matokeo kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura, na vyumba vya habari vikajaza watu wa kunakili kwa mkono kilichoandikwa kwa mkono. Nami nawaunga mkono: kwa kurasa chache, makarani wawili wakinakili jedwali kila mmoja peke yake, kisha nakala mbili zikalinganishwa na kila hitilafu ikarudishwa kwenye picha, hushinda programu yoyote kwa usahihi, na aghalabu hata kwa haraka.

Sasa tuseme tarakimu zimekwisha kutolewa. Ndipo lizukapo suala ambalo si la kompyuta kabisa, nalo ni kama vitu vinavyoitwa kwa jina moja ni kitu kimoja. Kampuni moja ya kiwanda huweza kuwa na viwanda viwili au zaidi, ikaandikwa mwaka huu kwa jina moja na mwaka wa pili kwa majina mawili yaliyotengwa kwa mkwaju. Kwa hiyo hapana budi kuwa na orodha ya pembeni inayokipa kila kiwanda nambari yake ya kudumu. Mipaka nayo ilihama. Bomet ilikatwa kutoka wilaya ya Kericho mwaka 1992, baadaye wilaya ya Buret ikachukua sehemu za pande zote mbili, hata Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47. Kwa hiyo mtu akichora mstari wa mavuno ya Kericho tangu uhuru mpaka leo, bila ya kuziunganisha kaunti hizi mbili, atauona mwanguko mkubwa katika miaka ya tisini na kuutafutia sababu katika ukame. Mwaka wenyewe pia una maana mbili: ule wa KTDA huanza Julai na kuisha Juni, ilhali mavuno ya nchi, yale ya kilo milioni 570 hivi za 2023 na milioni 598 hivi za 2024, huhesabiwa kwa kalenda kuanzia Januari. Majedwali haya hayaunganiki kwa mwaka. Huunganika kwa mwezi, na hiyo ndiyo sababu ripoti za kila mwezi zina thamani kuliko za mwaka, ingawa ni nyingi na zinachosha kuzitoa.

Ushahidi wa kwamba kazi imefanywa sawasawa haufai kutafutwa katika programu, bali katika hesabu na katika chai yenyewe. Jumla iliyochapishwa chini ya jedwali ni shahidi wa kwanza: safu ikijumlishwa upya isilingane nayo, kuna tarakimu iliyopotea au iliyohama. Shahidi wa pili ni kiwanda. Yajulikana kwamba kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo baina ya nne na tano za majani mabichi. Basi tuseme kiwanda kimeandikiwa kilo 13,500,000 za majani na kilo 3,000,000 za chai, uwiano ni 4.5 na mambo ni shwari, lakini sifuri moja ikidondoka katika chai, uwiano unakuwa 45, na hakuna kiwanda chini ya mbingu chenye uwiano huo. Shahidi huyu hugundua safu zilizobadilishana, miezi iliyorukwa katika safu moja na sifuri zilizodondoka. Kosa dogo la tarakimu ya mwisho haligundui, na hilo huachiwa ile jumla.

Nchi hii ya chai imewahi kuuonyesha ulimwengu jinsi asili ya tarakimu inavyoweza kuamua hoja. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo ya mahali palipochunguzwa, haikubadilika kwa kiasi cha kueleza kurejea kwa malaria. Na tarakimu zao za joto zilitokana na ramani iliyokadiria mahali kwa kutumia vituo vya mbali na karibu. Wengine wakabisha. Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walirudi kwenye vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho chenyewe, vya 1979 hadi 2009, wakavikagua siku kwa siku, wakaona joto limepanda kwa takribani sehemu mbili za kumi za digrii kila miaka kumi.

Tukirudi kwenye bonasi, jedwali lililotolewa vizuri huonyesha kwanza kwamba bonasi peke yake hailinganishiki, kwa sababu ni salio linalobaki baada ya gharama na malipo ya kila mwezi kutolewa. Kiwanda kilichomlipa mkulima zaidi katika mwaka huweza kutangaza bonasi ndogo bila ya kumdhulumu. Kinacholinganishwa ni jumla ya malipo yote kwa kilo. Wastani wa kaunti nao usichukuliwe kwa kujumlisha viwango na kugawa kwa idadi ya viwanda, bali kila kiwango kizidishwe kwanza kwa kilo zake. Na bei za mnada baina ya Julai 2021 na 2024 zisomwe kwa hadhari, kwa kuwa katika muda huo iliwekwa bei ya kima cha chini, dola 2.43 kwa kilo, na wastani wa mnada huhesabu chai iliyouzwa tu, si ile iliyorudi ghalani bila ya mnunuzi.

Limebaki jambo moja la utunzaji wa kumbukumbu, ambalo wengi huliona dogo. Kila mstari wa jedwali jipya uchukue pamoja nao jina la faili uliyotoka, nambari ya ukurasa, na tarehe faili ilipopatikana; kwani vile vinyota tulivyovitenga aghalabu huonyesha tarakimu za muda, ambazo taarifa ya mwaka unaofuata huzisahihisha, na mwenye kufuta ya kwanza ili aandike ya pili hataweza tena kueleza kwa nini hesabu yake ya mwaka jana haipatani na ya mwaka huu.