Kumsifu Fundi wa Kiini Kikuukuu

Seva ya Linux inapoanguka kwa hitilafu ya hifadhi, mara nyingi haizimiki kimyakimya. Huacha maandishi ambayo kwa asiyeyazoea ni vurugu tupu: anwani za kumbukumbu, majina ya vipande vya msimbo, tarakimu zilizochanganyika na herufi. Fundi wa kiini cha mfumo endeshi huanza na anwani. Akiona sufuri nyingi zinazoishia na 8, anajua msimbo umefuata kielekezi kitupu, ukitafuta kitu kilichopaswa kuwa baiti nane ndani ya muundo usiokuwapo. Akiona 6b ikijirudiarudia, anajua kumbukumbu hiyo ilikwisha kuachiwa, kwa kuwa kiini kikiwashiwa ukaguzi hujaza namba hiyo mahali palipohamwa. Akikuta anwani inayoanza na dead, basi kitu kile kilikwisha kutolewa kwenye orodha, na bado kuna msimbo unaokifuata. Yote hayo ameyajua kabla hajafungua faili hata moja.

Hitilafu nyingi za namna hii ni za kupishana kwa wakati. Ombi la kuandika limetumwa kwenye diski, diski imechelewa, kiini kimechoka kungoja na kulifuta ombi, halafu jibu linafika. Au flashi imechomolewa data ikiwa bado njiani. Mashine inaweza kukaa miezi bila dalili, ikaja kuanguka siku mzigo ulipozidi.

Na dalili hupotosha. Mwaka 2018 toleo la 4.19 la kiini cha Linux lilipokuwa likiharibu mafaili, wengi waliishuku ext4, mfumo wa mafaili, kwa kuwa huko ndiko uharibifu ulikoonekana. Kosa lilikuwa katika tabaka la chini yake, blk-mq, linalopanga foleni za maombi ya diski. Ombi lililokataliwa na diski iliyoshikwa na kazi lilirudishwa foleni, likaunganishwa na jingine, ilhali orodha ya kurasa zake za kumbukumbu ilibaki ile ya awali. Jens Axboe, msimamizi wa tabaka hilo, ndiye aliyelitengeneza, Desemba mwaka huohuo.

Atakayeuliza kwa nini watu wasihamie tu toleo jipya ambalo kosa lake limekwisha kutengenezwa, na aishike simu yake. Simu nyingi za Android, zikiwemo zinazotuma na kupokea pesa Nairobi na Mwanza, huzaliwa na toleo fulani la kiini na kuzeeka nalo. Kwa hiyo matengenezo hayana budi kulifuata toleo hilo hukohuko liliko. Tangu 2005 Greg Kroah-Hartman na wenzake wamekuwa wakitoa matoleo imara ya Linux kwa masharti makali. Kiraka, yaani badiliko la msimbo la kutibu kosa, kiwe kimekwisha kukubaliwa katika shina kuu la Linux, kitibu tatizo la kweli, na kisizidi mistari 100, pamoja na ile ya kando inayoonyesha mahali pake. Sharti hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Linamnyima fundi starehe ya kubomoa na kujenga upya, na kumwachia kazi ngumu zaidi: kugusa kidogo.

Ugumu wake ulidhihirika mwishoni mwa 2023. Ext4 ilikuwa imepata kiraka cha kurekebisha jinsi ukubwa wa faili unavyothibitishwa diskini pale programu inapoandika moja kwa moja, bila kupitia akiba ya kumbukumbu. Kiraka chenyewe kilikuwa sahihi. Kikarudishwa nyuma hadi toleo la 6.1. Katika shina kuu, hata hivyo, kiliegemea badiliko jingine dogo katika sehemu iitwayo iomap, na badiliko hilo halikuwapo kwenye 6.1. Msimbo mpya wa ext4 ulirudisha idadi ya baiti zilizoandikwa; iomap ya zamani ilingoja sufuri kama ishara ya mafanikio, na isipoipata haikusogeza mbele nafasi ya kuandikia. Uandishi uliofuata ukaangukia palepale, juu ya data iliyotangulia. Debian, mfumo endeshi unaotumia kiini cha Linux, ikasitisha kutoa toleo lake la 12.3, na tarehe 10 Desemba ikatoa 12.4 yenye kiini kilichotengenezwa.

Kiraka kilikaa vizuri mahali pake, msimbo ukajengeka, na bado data za watu ziliharibika. Ndiyo maana namheshimu mno fundi anayefungua matoleo mawili kando kwa kando na kuuhoji kila mstari: nani anakuita, unamrudishia nini, kufuli gani imefungwa wakati huo? Pale ambapo msimbo wa zamani una umbo jingine, hukiandika kiraka upya kwa umbo hilo, akataja namba ya kile cha asili na kueleza alichobadilisha, ili atakayekuja baadaye aweze kumkagua.

Toleo la 4.4 lilitoka Januari 2016. Mradi wa Civil Infrastructure Platform, ulio chini ya Linux Foundation, uliahidi kulitunza hadi Januari 2027, kwa ajili ya mitambo ya umeme, reli na viwanda, ambako hakuna anayebadilisha kiini kwa pupa. Kila kosa la hifadhi linapogunduliwa katika matoleo mapya, fundi wa 4.4 hurudi kwenye msimbo wa miaka ile kutazama kama kosa lilikuwamo tangu wakati huo. Likiwamo, hulitengeneza. Wakati mwingine hugundua kwamba lilizaliwa baadaye, na kiraka hakihitajiki. Nalo hilo hawezi kulisema kwa uhakika mpaka awe ameisoma njia yote ambayo ombi hupita hadi kufika diskini.