Jaribu Kwanza na Shairi

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nilianza kuililia maktaba kabla hata ya kuwalilia marafiki. Nikarudi Keroka. Huku vitabu vipo, ila ni vya shule, vimepangwa karibu na madaftari na rula. Ukitaka riwaya ambayo haitahiniwi, tafuta nauli ya Kisii mjini na ujiombee. Kwa hivyo maktaba yangu sasa ni simu yenye ufa kwenye kona, pamoja na Kindle kuukuu ambayo binamu yangu alinitumia kutoka Minneapolis. Watu wakijua hivyo huniuliza swali lile lile: ninunue kifaa gani, ama niweke programu gani?

Mimi huwajibu kwa swali. Unataka kusoma nini, na kimepangwaje? Maana nimeona watu wakilaumu simu kwa makosa ya faili.

Chukua PDF. Adobe waliitoa mwaka wa 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine, na kwa kazi hiyo haina mpinzani. Lakini ukurasa wa karatasi ukiubana kwenye skrini ya simu, unasoma kama mtu anayechungulia harusi kupitia tundu la ufunguo: unavuta kushoto, unavuta kulia, unapoteza mstari. EPUB, iliyokuja 2007, hufanya kinyume. Maandishi hutiririka na kujipanga upya kulingana na skrini yako na ukubwa wa herufi unaoutaka. Kwa riwaya, mjadala unaishia hapo: tafuta EPUB. Programu kama ReadEra hufungua zote mbili bila matangazo, na PDF ikikushinda unaweza angalau kukata zile pambizo nyeupe. (Na zile PDF za vitabu teule zilizopigwa picha kwa simu, kidole gumba cha mtu kikionekana kando ya ukurasa, halafu zikazungushwa WhatsApp? Huo ni wizi, na hata kama wizi haukusumbui, hazisomeki.)

Sasa tuje kwa Kiswahili chenyewe, kwa sababu tathmini nyingi za vifaa hivi zimeandikwa na watu wanaosoma Kiingereza. Maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja kama "walivyomsababishia" kinabeba sentensi nzima. Programu ikinyoosha maandishi pande zote mbili kama gazeti, na haijui pa kulikata neno hilo, inalisukuma lote mstari wa chini na kuacha mapengo juu kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Dawa ni rahisi: ingia kwenye mipangilio, chagua maandishi yaanzie kushoto na kuishia popote. Kindle, Google Play Books na Moon+ Reader zote zinakuruhusu. Ukurasa hautakuwa nadhifu sana upande wa kulia, lakini macho yatapumua.

Ajabu ni kwamba Kiswahili ni rahisi kukata. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa vokali. Mtoto anayejifunza ba-be-bi anaweza kukuonyesha pa kuweka kistari. Shida huanzia kwa mchapishaji. Kila EPUB hubeba ndani yake alama inayotaja lugha ya kitabu. Wengi hawaigusi, kwa hivyo kitabu cha Kiswahili kinatoka kimeandikishwa kama Kiingereza. Programu inaamini ilichoambiwa. Inaweza kukikata kwa kanuni za Kiingereza, nyanya ikawa "nyan-ya". Ukiwasha sauti ya kusomewa, unasikia Kiswahili cha mtalii aliyeshuka Mombasa leo asubuhi. Kama faili haijafungwa kwa kufuli za kibiashara, unaweza kurekebisha alama hiyo kwa Calibre, programu ya bure ya kompyuta. Nimefanya hivyo kwenye saiba mara kadhaa. Lakini kwani ni kazi ya msomaji?

Kisha kuna ng'. Tafuta "ng'ombe" ndani ya kitabu, na programu inaweza kukuambia hayumo, ilhali amejaa zizi zima, kwa sababu aliyechapa alitumia kiapostrofi kilichopinda na wewe umeandika kilichonyooka. Kwenye vitabu vilivyoskaniwa, alama hiyo hupotea kabisa. Na si urembo. Kung'oa ni kitendo cha shambani. Ngoa ni wivu. Mhariri asiyeona tofauti hiyo amekuuzia kitabu kingine.

Kindle je? Nitakuwa mkweli, naipenda. Ile skrini ya wino wa kielektroniki haichomi macho, inasomeka juani, na chaji hukaa wiki kadhaa, jambo la maana sana mahali ambapo stima huenda na mvua. Tangu 2022 inakubali EPUB, ila lazima uipitishe kwenye huduma yao ya mtandaoni. Ukiinakili kwa waya haitafunguka. Na tarehe 26 Februari 2025 waliondoa lile chaguo la kupakua kitabu ulichonunua kwao ukakihifadhi kwenye kompyuta yako. Umelipa, lakini ufunguo wa kabati wanao wao. Kama wewe ni mtu wa riwaya ndefu na una bando ya kutosha, nunua hata ya mtumba. Kama unasoma PDF za masomo, usijitese. Tafuta tableti yenye skrini pana.

Lakini kipimo changu hasa ni shairi. Tuseme mshororo huu, ambao nimeutunga sasa hivi nikiwa na sweta mbili:

Keroka kuna baridi, ukungu wa asubuhi

Mizani kumi na sita: nane za ukwapi, nane za utao, na kituo katikati. Kwenye karatasi, vina vya kati hushuka vimepangana kama nguzo za ua, na vya mwisho vivyo hivyo. Weka ubeti mzima kwenye simu na uongeze ukubwa wa herufi. "Ukungu" inabaki juu, "wa asubuhi" inaanguka chini peke yake, na mishororo minne inakuwa vipande vinane visivyojulikana kipi ni cha nani. Nguzo zimeanguka. Aliyekipanga kitabu angeweza kuambia faili ikate pale kwenye kituo, na kipande cha pili kiingie ndani kidogo. Ni mistari michache tu ya maagizo. Utenzi, kwa upande mwingine, hukaa kwenye simu kama ulitengenezewa. Vipande vya mizani nane vinatosha kabisa. Na katika hati nyingi za kale za herufi za Kiarabu, kama zile zinazohifadhiwa SOAS huko London, vipande hivyo huandikwa sambamba kwenye mstari mmoja, vikitenganishwa kwa alama. Kumbe wanakili wa zamani walijua kwamba umbo la ubeti linaweza kuhama bila kuvunjika, mradi kituo kionekane.

Mwaka jana nilinunua diwani moja kwa pesa halali, pesa ya makala mawili niliyokuwa nimeyasubiri kulipwa miezi mitatu. Kila ubeti ulikuwa umevunjika. Nikageuza simu ikalala, nikapunguza herufi mpaka nikawa nasoma kama fundi wa saa. Nikaihamishia kwenye Kindle, wapi. Mwishowe nikamwandikia mchapishaji, kwa adabu zote, nikaeleza ukwapi na utao, nikaambatisha picha za skrini.

Walinijibu baada ya siku nne. Walisikitika sana kwa usumbufu, wakanitumia PDF.