Wastani wa Mvua Haunyweki: Laikipia kwa Orodha ya Idaho

Binamu yangu anataka kuuza gari anunue ploti Laikipia. Ajenge nyumba ya vyumba viwili, afunge sola, apande mboga, aachane na bei za Nairobi na mgao wake wa maji. Siku mambo yakiharibika, anasema, atakuwa na chakula chake, maji yake na stima yake. Akanitumia orodha aliyoitumia kuchagua kaunti, niipitie "kisayansi". Nimeipitia, na nimemwambia gari lingoje kwanza.

Orodha yenyewe asili yake ni Marekani. Huko wako watu wengi wanaojiandaa kwa majanga, na mwaka 2011 mwandishi James Wesley Rawles aliwashauri wahamie Idaho, Montana, Wyoming na upande wa mashariki wa Oregon na Washington. Vigezo ndivyo hivi: watu wawe wachache, miji mikubwa na kambi za jeshi ziwe mbali, ardhi iwe rahisi na yenye kulimika, maji yawepo. Binamu alivichukua jinsi vilivyo, akavijaza takwimu za kaunti zetu, na Laikipia ikaibuka na alama za juu. (Kigezo cha kambi za jeshi alikiruka. Nanyuki kuna kambi ya jeshi letu la anga na ile ya mafunzo ya Waingereza. Haya, tumsamehe.)

Tuanze na uchache wa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 518,560 Laikipia, kwenye kilomita za mraba kama 9,500, yaani watu 55 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Kiambu ni zaidi ya 900. Orodha inaona nafasi hapo na kutoa alama. Haiulizi kwa nini nafasi ipo. Eneo kubwa ni ranchi na hifadhi, ambako wewe na ploti yako hamna pa kuingia. Uwanda uliobaki, sehemu yake kubwa iko kwenye kivuli cha mvua cha Mlima Kenya na Aberdare: mawingu humwaga maji mlimani, huku chini kukabaki upepo. Na jaribio la binamu lilishafanywa. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi zilinunua mashamba ya walowezi, zikayakata vipande na kuwagawia wanahisa. Wengi hawakuhamia kabisa. Hadi leo kuna vipande ambavyo wenyewe wako mbali, na wanaovitumia ni wafugaji. Kabla ya kuita ardhi hiyo tupu, ningewauliza wale waliokuja wakaangalia, wakarudi.

Sasa maji, na hapa tushike kalamu. Sehemu kubwa ya uwanda hupata milimita 400 hadi 750 za mvua kwa mwaka. Binamu kachukua 600, sawa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita za mraba 60 litapokea lita 36,000. Toa moja ya tano inayomwagika kwenye gata au kukauka juu ya bati moto, unabaki na 28,800. Familia yake ni watu watano. Kila mmoja akipewa jerican moja ya lita 20 kwa siku, kunywa, kupika, kuoga na kufua, ni lita 36,500 kwa mwaka. Ana upungufu tayari, na hajamwagilia hata mche mmoja. Bustani ya mita 10 kwa 10 kwenye jua lile inakunywa kama milimita 4 kwa siku, yaani lita 400. Hiyo ni mara nne ya familia nzima! Tangi la lita 10,000 litaisha kwa siku 25 bila mtu kunawa uso.

Na huo ni mwaka wa wastani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika Pembe ya Afrika, na Laikipia ni mojawapo ya kaunti kame zilizoumia. Milimita 600 za wastani zinaweza kuwa 900 mwaka huu na 300 mwaka ujao. Zile 900 tangi haliwezi kukuwekea: likijaa, linamwaga. Orodha ya maana ingeuliza mwaka mbaya kabisa kati ya 20 iliyopita ulikuwaje, na kama ulikuja peke yake.

Chakula nitakipitia haraka. Ploti ya hamsini kwa mia ni mita za mraba 465 hivi. Ukitoa nyumba, choo na njia, labda zinabaki 300. Ukivuna mahindi tani mbili kwa hekta, ni kilo 60. Gunia halijai.

"Basi nitavuta maji mtoni," akasema. Mto upi? Ewaso Ng'iro na vijito vyake vinatoka Mlima Kenya na Aberdare, vinapita Laikipia, vinaelekea Samburu na Isiolo, na wakati wa kiangazi kikali mto hukauka kule Archer's Post kabla ya kuwafikia wa chini. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, mto kupita kando ya shamba lako haukufanyi mwenye maji. Ukitaka kufunga pampu, unaomba kibali. Kwenye bonde hili watu waligombana hadi wakaunda vyama vya watumiaji maji, mwishoni mwa miaka ya 1990, wagawane kwa zamu. Hata Idaho, ambako theluji ya milimani hufanya kazi ya tangi, sheria inasema aliyeanza kutumia maji ndiye anayetangulia. Mgeni yuko mwisho wa foleni. Kwa hiyo kigezo cha kwanza cha orodha kinampotosha binamu: anakimbia watu, na maji yake yako mikononi mwa watu, kwenye kikao, mwezi wa kiangazi.

Haki yake nimpe. Kwa sola hajakosea, na baridi ya uwanda ule inapunguza mbu. Tena kaunti nzima si moja: upande wa Marmanet na Nyahururu mvua ni nzuri zaidi, na watu wanalima mahindi na viazi. Alama moja kwa kaunti inaficha tofauti hiyo yote.

Ameahirisha. Februari, kukiwa kukavu, atapanga chumba karibu na ile ploti kwa wiki mbili, aulize majirani walikunywa nini 2022, na aishi kwa jerican moja kwa siku. Gari bado analo, maana atalihitaji kufika.