Takrima, Kula na Kura: Uhakiki wa Msamiati wa Uchaguzi

Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya 1985 kwa vifungu vilivyosema kwamba kitendo kifanywacho kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi, hakitahesabiwa kuwa kosa. Umma ukaviita vifungu hivyo takrima. Aprili 2006 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake, ilivitangua kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba. Sheria ilifutika, neno halikufutika.

Takrima ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na karama na karimu. Kwa kawaida mwenyeji ndiye amkirimuye mgeni. Katika uchaguzi, mgombea ndiye mgeni afikaye kijijini, naye ndiye agawaye kanga, sukari na pilau. Sura ya ukarimu imepinduliwa, na neno limeachwa lifiche mapinduzi hayo. Hongo lingefaa zaidi. Katika karne ya 19 hongo lilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara iliwalipa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita. Msafiri alilipa, akapita, akaenda zake. Wabunge wasio wachache wanaingia humo.

Wapiga kura nao wana jibu lao: kula kwa huyu, kura kwa yule. Kula ni Kibantu. Kura imetoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni ile ya kuamua jambo kwa bahati. Yatenganishwayo hapa ni l na r, sauti ambazo wasemaji wengi wenye lugha nyingine za Kibantu huzichanganya. Anayeutamka mzaha huu sharti azipambanue, na papo hapo apambanue shibe na uamuzi.

Wauonao mzaha huu kuwa ushindi wa mnyonge, hata hivyo, wana haraka. Kwanza, unategemea siri ya kura, na zaidi ya hapo, unategemea mpiga kura aiamini siri hiyo. Aliyeandikwa jina lake alipopewa sukari atasitasita. Pili, mzaha haukatai kula. Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humhesabu mpiga kura apokeaye hongo kuwa mkosaji pamoja na mtoaji. Kwa sheria hiyo kosa limekwisha tendeka kabla ya sanduku kufikiwa, hata kura ikienda kwa yule.