Ekseli Isiyolia: Sifa ya Ufundi wa Kulainisha Kigari

Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni na Kiranyi hadi Akheri na Nkoaranga, kigari cha miti kilichoundwa na mtoto mwenyewe kimekuwa kwa miaka mingi shule ya kwanza ya ufundi, kwani mtoto anayechonga mbao, kutoboa gurudumu kwa msumari wa moto na kushindana na wenzake mteremkoni hujifunza mapema kwamba mwendo hautokani na rangi wala umbo, bali hutoka mahali pasipoonekana, ndani ya tundu ambamo ekseli, yaani mhimili unaobeba gurudumu, husuguana na mbao. Ufundi unaosifiwa hapa ni wa mahali hapo padogo: kuiandaa ekseli, kuilainisha kwa kitu kinachoifaa, na kukubali sheria zinazohakikisha kwamba aliyeshinda ameshinda kwa kazi ya mikono yake.

Vilainishi, yaani vitu vinavyopunguza msuguano kati ya sehemu mbili zinazogusana, viko vya majimaji na vikavu, na kuchagua kati ya hivyo si jambo la kubahatisha. Grisi hulifaa gurudumu zito linalozunguka polepole chini ya mzigo, kama la mkokoteni unaobeba magunia ya viazi kwenda soko la Kilombero, kwa sababu uzito wote huo ungezikwangua sehemu kavu. Kigari chepesi kina tabia nyingine. Oili ikipakwa kwenye gurudumu lake hunyonywa na mbao. Tena vumbi la Meru, ambalo asili yake ni majivu ya volkano na ambalo wakati wa kiangazi hupenya hata ndani ya makabati yaliyofungwa, hunata kwenye mafuta na kufanya uji mkali unaoisaga ekseli kidogo kidogo. Ndiyo maana kwa kigari kama hicho kilainishi bora ni kikavu, na kati ya vikavu hakuna kinachokishinda kinywe.

Kinywe ni madini meusi yanayong'aa kidogo, ambayo chembe zake zimepangika katika tabaka nyembamba zinazoshikana kwa udhaifu, hivyo tabaka moja huteleza juu ya jingine bila kuhitaji tone la mafuta. Wakazi wa Arusha wana sababu ya kuyajua kuliko watu wengi, maana tanzanaiti, kito kilichogunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mirerani, kusini mwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, imelala ndani ya miamba yenye kinywe, na wanaapolo, kama wanavyoitwa wachimbaji wa huko, hutoka mashimoni wakiwa weusi kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, ngozi ikimetameta kwa vumbi la madini hayo. Kito husafirishwa mbali na kuuzwa kwa bei kubwa, ilhali lile vumbi huoshwa kwa sabuni na kumwagwa, ingawa kijiko kimoja tu kingetosha magurudumu ya vigari vya darasa zima. Mtoto asiyefika Mirerani anayo penseli, kwa kuwa ile inayoitwa risasi ya penseli ni mchanganyiko wa kinywe na udongo wa mfinyanzi, na penseli laini ya kuchorea ina kinywe kingi kuliko penseli ngumu ya kuandikia, hivyo yenye unga unaofaa ni ile ya kwanza.

Kazi yenyewe inahitaji uvumilivu, na hapa ndipo fundi hujitenga na mtu mwenye haraka. Msumari unaotumika kama ekseli huwa na makovu madogo chini ya kichwa chake, yaliyoachwa na mashine iliyoukata kiwandani, na makovu hayo, ambayo jicho huyaona kwa shida lakini kucha huyahisi, yasipoondolewa kwa tupa hulikwaruza gurudumu katika kila mzunguko. Baada ya tupa hufuata msasa mnene, kisha msasa laini, kisha kitambaa, mpaka msumari uwe na mng'ao usiokatika. Tundu nalo husafishwa, kwa kuwa msumari wa moto huacha masizi na nyuzi za mbao zilizosimama. Ndipo unga wa kinywe utiwe kidogo, gurudumu lizungushwe kwa kidole mara nyingi, utiwe tena, lizungushwe tena, mpaka vinyweleo vya mbao vijae na pande zote mbili zivae utando mweusi mwembamba. Nafasi ndogo huachwa kati ya gurudumu na ubavu wa kigari, kwani likibana husugua na likilegea huyumba. Mwishoni gurudumu husogezwa karibu na sikio: likiwa sawa huzunguka kimya kwa muda mrefu na kusimama taratibu, bila kushtuka.

Ujuzi huu una jamaa wengi. Makaburu waliotoka Afrika Kusini na kufika Meru mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, walikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe, na magari ya namna hiyo hayakwenda mbali bila chombo cha lami na mafuta ya kupakia ekseli. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mamia ya kilo, hudumu au kufa kwa jinsi mwenyewe anavyotunza ekseli zake.

Waliokwenda mbali zaidi katika kuziandika sheria ni maskauti wa Marekani. Mwaka 1953, katika mji wa Manhattan Beach, California, Don Murphy aliwaanzishia skauti wadogo mbio za vigari vya msonobari vinavyoteremka kwa uzito wao wenyewe, na kanuni zilizokuja kuenea ni chache lakini kali: urefu usizidi inchi 7, uzito usizidi aunsi 5, yaani gramu zipatazo 142, na katika mashindano mengi kilainishi kiwe kikavu. Ukomo wa uzito una sababu, kwa kuwa kigari kizito hupunguzwa mwendo na upepo kwa kiasi kidogo kuliko chepesi. Kupaka kinywe hufanyika kabla ya ukaguzi, na kigari kikishapimwa huwekwa mbali na mwenyewe hadi mbio zianze. Watoto wa Meru, ambao kwa kawaida huchora mstari mavumbini na kumrudisha nyuma anayesukuma, hufuata haki ileile bila karatasi.

Inasikitisha kuona mambo haya yakififia. Vigari vya plastiki huuzwa tayari madukani, ekseli zake zimefungwa zisiweze kufunguliwa, na vikikwama hutupwa. Njia za mteremko walizochezea watoto zimekuwa za bodaboda. Hata mikokoteni mjini hupita ikilia, huku mwenyewe akimwagia oili chafu, ile iliyokwisha kutumika ndani ya injini na kujaa chembe za chuma, juu ya vumbi la mwezi mzima, bila kufuta kwanza. Ni jambo ambalo fundi wa zamani angeliona kuwa aibu.

Walimu wa shule za Arusha na Meru pamoja na viongozi wa skauti wanaweza kulizuia hili kwa gharama ndogo. Msonobari umejaa katika mashamba ya miti ya mlima huu, kinywe kiko Mirerani, na mteremko hauhitaji kujengwa. Watenge Jumamosi moja katika kila muhula, wakague kila gurudumu kabla ya mbio, na wasikipokee kigari ambacho mtoto hakukitengeneza mwenyewe.